Masika ya Baba Mkwe

Temeke, Jumatatu, 8 Machi 1954

Daftari hili nilipewa siku ya harusi yangu niandikie matumizi ya nyumba. Matumizi yenyewe nayajua kichwani, kwa hiyo limekaa sandukuni mpaka leo. Leo nimelitoa kwa hasira.

Mume wangu Ambakisye karudi kutoka kazini reli, hajavua hata viatu, ananiambia: "Baba anakuja Jumamosi. Kifua kimemzidi. Nataka aonwe na madaktari wa hapa."

"Atakaa wapi?"

"Hapa. Wapi tena?"

Nilibaki na mwiko mkononi. Sie Wanyakyusa, mke na baba mkwe wake hawaonani. Sisemi ile adabu ya watu wa pwani ya kuinamisha kichwa na kupita. Hawaonani kabisa, hawasemeshani, na jina lake mie silitaji hata humu. Ndiyo maana kwetu Tukuyu vijana wakioa hujenga kijiji chao, mbali na baba zao. Hapa Temeke tumepanga vyumba viwili kwenye nyumba ya vyumba sita: ukumbi mmoja, mlango mmoja wa mbele, choo kimoja uani. Nitajificha wapi, juu ya bati?

Na nina mimba, miezi minne sasa. Ni ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka. Mama aliniambia siku naondoka kwetu: chunga ukwe, mwanamke akimtazama mkwe wake tumbo lake halishiki. Nimemkumbusha Ambakisye. Kanijibu, "Utajibanza." Wanaume bwana!

Jumanne, 9 Machi

Nimemweleza Mauwa wa chumba cha pili. Huyu ni Mmwera wa Lindi, kaachika, anauza vitumbua barazani, na ndiye rafiki niliye naye mji huu mzima. Kacheka mpaka kashika mbavu.

"Ala! Huo ukwe au polisi? Akikuona anakufunga?"

"Usicheke, shoga. Ni tumbo langu."

Akaacha kucheka papo hapo. "Basi mie nitampelekea chakula. Mie hanidai chochote. We pika, mie nitabeba."

Jumamosi, 13 Machi

Kafika. Nilikuwa nimejifungia chumbani kwa Mauwa. Nimesikia kikohozi chake kabla sijasikia salamu.

Jumatano, 17 Machi

Tumezoea, au tuseme tumelazimika. Yeye yuko chumba cha mbele, sie cha nyuma. Akitaka kutoka anagonga fimbo sakafuni, nami nakimbilia jikoni uani na kufunga mlango. Akirudi anagonga tena. Leo nimekimbia na sufuria ya ndizi mkononi, nimeungua kidole. Mauwa kapeleka sahani, karudi nayo tupu. "Anasema ndaga." Ndaga ndiyo asante ya kwetu. Nimefurahi kama mtoto.

Jumatatu, 22 Machi

Mvua zimeanza. Bati letu linapiga kelele mtu husikii hata mawazo yako.

Jumapili, 28 Machi

Jana jioni gari la sinema la serikali lilikuja uwanjani. Walisimamisha miti miwili, wakatundika shuka jeupe kubwa. Mauwa na Kasimiri, yule seremala wa chumba cha mwisho, wakamshika mzee mkono mmoja mmoja wakamkalisha mbele. Mie nikaenda nyuma ya shuka, nikajifunika kanga. Nyuma nako picha inaonekana, ila kila kitu ni kinyume, na maandishi yanasomeka kama ya Kiarabu.

Kwanza walituonyesha mtu ananawa mikono. Halafu mbu. Halafu, ili watu wasiondoke wamenuna, wakaweka picha za kuchorwa, wanyama wanaotembea na kusema. Msemaji wa sinema ndiye aliyekuwa akitutafsiria kwa kipaza sauti. Kulikuwa na dubu. Nusu ya uwanja walisema ni mbwa mnene. Huyo dubu akamkuta bata kavunjika bawa, na theluji inaanguka. Watu wakabishana kama ni sufi au unga. Dubu kambeba bata mpaka pangoni kwake, kamwashia moto, kamlisha samaki. Bata akinuna, dubu anacheza ngoma mpaka anaanguka. Uwanja mzima ulilia kwa kucheka, na katikati ya vicheko vyote nikasikia kimoja kinachokatizwa na kikohozi. Nikakijua. Nilikuwa naye kwenye sinema moja, shuka tu katikati.

Mara mvua. Msemaji akazima mashine, watu wakatawanyika, mwisho wa hadithi hatukuuona.

Nyumbani mie niliingilia uani, nikasimama gizani nyuma ya mlango wa ukumbi, kuwasikiliza waliokuwa barazani. Kasimiri anasema, "Yule dubu kampenda yule bata. Mapenzi yale, msinidanganye."

Mauwa akamkatiza. "Mapenzi gani? Dubu na bata wataoana wapi? Ule ni urafiki. Rafiki ndiye anayekuvumilia ukinuna."

Mzee akakohoa, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha milimani, "Nyie watoto hamna macho. Yule bata ni mke wa mwanawe."

Wakaangua kicheko.

"Chekeni. Hamkuona anamlisha huku kageuza shingo? Mnadhani kule pembeni anatazama nini? Anamchunga, asimdhuru."

Mie nikacheka kwa sauti nyuma ya mlango kabla sijaziba mdomo. Halafu mzee akasema taratibu, "Mvua hii ni nzuri," kama vile hakusikia kitu.

Jumanne, 6 Aprili

Madaktari wamempa dawa ya chupa, akalale nyumbani, arudi baada ya Pasaka. Anakohoa sana alfajiri. Anamwuliza Mauwa kila siku kama gari la sinema litakuja. Barabara ni tope, gari gani lije?

Jumapili, 11 Aprili

Niseme kweli, naona wivu. Mauwa anakaa naye saa nzima. Anajua kuwa mzee alibeba mizigo ya Wajerumani wakati wa vita mpaka Ruvuma. Anajua anapenda chai ya moto iliyojaa mpaka ukingoni. Anaitwa "binti yangu". Mie ninayesaga, ninayechuja, ninayefua mashuka yake, ni harufu ya jikoni tu.

Jumatano, 14 Aprili

Nimemkosea Mauwa. Kaja kuchukua sahani anacheka, ananipa hadithi nyingine ya mzee, nikamkata: "Basi yatosha. Mbona unajifanya mwanawe? Chakula nipike mie, ndaga upewe we?"

Akaweka sahani chini. "Haya. Mpelekee mwenyewe."

Chakula kikapoa. Mzee hakugonga fimbo wala hakuuliza. Mpaka Kasimiri karudi kutoka kazini jioni ndipo nikamsihi akakipeleka. Mtu mgonjwa kashinda njaa kwa ajili ya ulimi wangu.

Ijumaa Kuu, 16 Aprili

Nimemwomba Mauwa radhi. Kanitazama muda. "We Atuganile, mie baba yangu kafia Lindi sikumzika. Huyu ananipa nafasi ya kusema 'baba'. Sikuibii." Tukalia wote, kisha akanisuka nywele.

Jumamosi, 24 Aprili

Ambakisye kapelekwa Kilosa kushika nafasi ya karani anayeumwa. Wiki mbili, anasema. Kaaga barazani, kamwambia Mauwa amwangalie mzee. Mie kaniambia, "Jitunze tumbo." Mtoto anacheza sana siku hizi.

Jumamosi, 1 Mei

Mvua. Watu wa reli wanasema maji yamekata njia, treni hazipiti.

Jumanne, 4 Mei

Mauwa kaanza kufunga. Anabeba sahani ya mzee na tumbo lake tupu, hasemi kitu.

Jumapili, 9 Mei

Mvua. Mzee kaacha kugonga fimbo. Hatoki tena, Mauwa na Kasimiri ndio wanamsaidia, na kwa tope hili kwa madaktari hajarudishwa.

Alhamisi, 13 Mei

Nitaandika yote leo leo, maana nikiacha mpaka kesho nitaanza kujidanganya.

Mchana Mauwa alikwenda sokoni Ilala kutafuta mchele wa vitumbua. Kasimiri na wapangaji wengine walikuwa kazini. Mvua ikashuka, mfano wake sijaona tangu nije Dar es Salaam. Maji yakaingia mlango wa mbele, yakapita ukumbini yakielekea uani. Niko chumbani nainua magodoro, nikasikia kishindo chumba cha mbele. Kitu kizito kimeanguka. Halafu kikohozi, halafu kimya.

Nikatoka nje kwa mlango wa uani nikazunguka nyumba. Niliita jirani wa kulia, niliita wa kushoto. Nani asikie, na bati hizi? Nikasimama barabarani maji yamenifika kwenye vifundo, hakuna mtu. Nikarudi. Nikasimama nje ya mlango wake mkono wangu uko tumboni, na mtoto anacheza. Nikamwambia, mama, nifanyeje? Sijui nilimwambia mama yangu au huyu aliye tumboni, pengine ni wa kike.

Ndani akauliza kwa sauti ndogo, "Nani huyo?"

Nikafungua mdomo. Ikatoka, "Ni mie Mauwa, baba."

Nikasikia anajigeuza kwenye maji. "Ngoja kwanza, Mauwa." Kisha: "Haya, ingia. Macho yananiuma leo, nimeyafumba. Sitayafumbua."

Nikaingia.

Alikuwa chini, kaanguka kitandani, maji yamemfika mgongoni. Nikamshika makwapani nikamwinua. Nilidhani nitashindwa na tumbo hili, kumbe hana uzito, mifupa mitupu. Anachemka kwa homa. Nikamvua nguo mbichi, nikamfuta kwa kanga yangu, nikamvika shati la Ambakisye, nikamlaza. Nikatia kuni jikoni kwa shida, nikamletea uji wa tangawizi, nikamnywesha kijiko kimoja kimoja. Muda wote huo macho kafumba. Yeye alifumba. Mie sikufumba. Nilimtazama mpaka nikashiba.

Akauliza kwa Kinyakyusa kama maji bado yanaingia. Nami bila kufikiri nikamjibu kwa Kinyakyusa, yamepungua. Mungu wangu! Kijiko nikakirudisha bakulini.

"Mauwa," akasema, "umejifunza haraka."

"Atuganile ananifundisha, baba."

"Anafundisha vizuri." Mdomo wake ulikuwa unazuia kicheko. Kisha akasema, "Nina maneno ya kumpelekea huyo. Utayafikisha?"

"Nitayafikisha."

"Mwambie ndizi zake nazipenda, lakini aongeze chumvi. Mwambie zile mimba mbili nilizisikia huko nyumbani, nikazililia shambani, peke yangu, maana nisingeweza kumjia kumpa pole. Pole yake ndiyo hii." Akakohoa mpaka nikamwinua kifua. Alipopata pumzi akasema, "Na akitokea mtu kumsema kwa jambo lolote, aseme mzee alifumba macho. Mie sikuona mtu hapa ila Mauwa."

Machozi yalinishuka, yakamdondokea mkononi. Hakuufuta mkono.

Ndipo nikamwona Mauwa mwenyewe mlangoni, kaloa chapachapa, kapu la mchele kichwani. Alikuwa keshafungua mdomo kusalimia. Kanitazama mie, kamtazama mzee, akaelewa. Akafunga mdomo, akarudi nyuma pole pole, akatoka nje kusimama mvuani ili pasiwe na Mauwa wawili. Alisimama huko mpaka mzee alipopata usingizi.

Nilipotoka nikamkuta anatetemeka. "Jina langu umelitumia," kasema, "ulirudishe likiwa safi." Akanikumbatia.

Ijumaa, 14 Mei

Kasimiri na vijana wa mtaani wamemsukuma kwa mkokoteni kwenye tope mpaka barabara kubwa, wakapata lori la kumfikisha hospitali. Mauwa kaenda naye. Mie nilisimama dirishani. Kabla hawajamtoa, alifunikwa uso kwa mwavuli tusionane.

Jumatatu, 17 Mei

Mzee kafariki leo asubuhi. Mauwa alikuwa naye. Anasema hakuhangaika.

Jumanne, 18 Mei

Wanyakyusa wa mjini na wanaume wa mtaa wamemzika. Walikuwa wakichota maji kaburini kwa ndoo kabla ya kumshusha. Ambakisye hana habari. Simu ya posta imepelekwa Kilosa lakini nani ajue kama imefika.

Jumatatu, 24 Mei

Ambakisye karudi, kwa miguu mahali pengine, kwa trole ya reli mahali pengine. Uso umemwingia ndani. Wenzetu walikuwa wameshamwambia msiba njiani. Nilimwacha akae, anywe maji, kisha nikamwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na wengine.

"Baba alipoanguka, mie ndiye niliyemwinua."

"We?"

"Hapakuwa na mtu."

"Ulimtazama?"

Ningeweza kusema hapana. Nani angejua? "Nilimtazama," nikasema. "Yeye alifumba macho. Kasema niseme hivyo."

Hakunipiga, hakupaza sauti. Kachukua mkeka wake kahamia chumba cha mbele.

Alhamisi, 27 Mei

Ambakisye hali chakula changu. Ananunua chai na mkate nje. Mauwa anasema niache, kilio hiki hakijapata pa kutokea. Mie najua anasubiri nini. Anatazama tumbo langu kila ninapopita, na mie nalitazama pia. Siku mbili hizi mtoto hachezi sana.

Jumapili, 30 Mei

Mtoto katoka. Wa kike. Hakulia.

Jumatatu, 31 Mei

Siwezi kuandika.

Alhamisi, 3 Juni

Leo Idi. Mvua zimekwisha, jua linachoma, tope limekauka na kupasuka. Mauwa kapika pilau, kagawa nyumba nzima. Mie niko kitandani bado, mlango wazi, nasikia ya barazani.

Kasimiri alikuwa akimpa Ambakisye pole ya mtoto. Ambakisye akajibu kwa sauti ili inifikie: "Pole ya nini? Ukwe ulivunjwa humu ndani. Kila mtu alijua litakalotokea."

Nilivuta shuka usoni. Nilitaka kufa, nasema kweli, nilitaka kufa nimfuate mwanangu, maana na mie nilikuwa nawaza hivyo hivyo, mchana na usiku, kwamba mikono hii imemwinua mmoja na kumwangusha mwingine.

Nikasikia Mauwa anatua sinia. "Shemeji, leo sikukuu, sitaki ugomvi. Nikuulize neno moja tu. Zile mimba mbili za kwanza, mkeo alimtazama nani?"

Ambakisye hakujibu.

"Mzee alikuwa Tukuyu. Mkeo yuko hapa, anachunga ukwe kama mboni ya jicho. Alimtazama nani?"

Nikasikia anamsogezea sinia.

"Haya," kasema Mauwa, "kula pilau, inapoa."

Sikusikia kijiko. Lakini hakuinuka.

Jumapili, 6 Juni

Nimeamka, nimefagia. Sijui kama Mauwa kasema kweli au kanisemea tu. Pengine ni mie niliyemwua mtoto. Pengine siye. Hakuna wa kumwuliza. Ninachojua ni kwamba mzee yule akianguka tena kesho, nitaingia tena.

Jumatano, 9 Juni

Jioni nilikuwa naanua nguo uani. Ambakisye akaja, akasimama upande wa pili wa kamba. Tangu arudi hajanisogelea hivyo. Nikaendelea kukunja, sikutaka kumsaidia kuanza maneno.

"Nilipoondoka baba alikuwa amelala," kasema. "Sikumwamsha. Nilimuaga nikiwa mlangoni kwake."

"Najua."

"Mauwa nimemwuliza, anasema muulize mkeo, yeye ndiye aliyekaa naye siku ile alipoanguka." Mikono yake ilikuwa ikishika kibanio cha nguo, inakibonyeza na kukiachia. "Uso wake ulikuwaje?"

Nikafikiri sikusikia vizuri. "Unasemaje?"

"Uso wake, Atuganile. Nieleze. Wewe ndiye uliyeuona."

Nikaweka nguo chini. Nikamwambia. Nyusi zake zilikuwa nyeupe, ndefu, moja imepinda juu. Ana alama chini ya jicho la kushoto, ndogo, kama punje ya mtama. Mashavu yameingia ndani lakini ngozi ni laini, sikutegemea. Ndevu za kidevuni tu. Macho alikuwa kayafumba kwa nguvu mwanzoni mpaka kope zinatetemeka, halafu alipokunywa uji zikatulia. Akitaka kucheka anabana mdomo upande mmoja, kama unavyobana wewe.

Ambakisye akakaa chini pale pale kwenye udongo, akalia kwa sauti, mtu mzima. Mauwa katoka jikoni, katuona, karudi ndani.

"Sema tena," kaniambia.

Nikakaa karibu naye, nikaanza upya kwenye nyusi.